Doa la Tatu

Gome lilikuja ndani ya mfuko wa sukari,
linanuka dagaa kidogo, linanuka ndimu zaidi.
Kalunde akaliweka mezani kama mtu anayelipa deni.
"Mlungulungu," akasema. Nikaandika: mjafari,
kisha, kwa kalamu nyingine, jina la Kilatini,
maana kwetu maabara mti haujazaliwa
mpaka uitwe mara tatu.

Nikalikausha kivulini siku tisa. Nikalitwanga.
Nikaliloweka kwenye methanoli
likatoa umanjano, umanjano wa jicho la mgonjwa wa ini.
Kalunde huuita "ukali wenyewe",
Daktari Lugoye huuita alkaloidi.
Mimi muosha chupa nilisikia kitu kimoja.

Tone moja kwenye bamba la silika.
Kimiminika kikapanda polepole
kama maji yapandavyo kwenye pindo la kanga lililogusa ziwa.
Nikazima taa, nikawasha ile ya urujuanimno:
doa la kwanza, buluu,
la pili, kijani kinachosita,
la tatu, juu kabisa, njano,
linawaka kama karabai ya wavua dagaa
usiku usio na mwezi.

Daktari akapiga picha. Picha ikasafiri.
Sijui nani alimwambia nani,
ila kufikia Aprili magunia yalipanda pikipiki
kutoka Kayenze, usiku, bila kibali,
na kilo ya gome pale Mwaloni
ikaipita bei ya sangara.

Sisi tukaendelea kupima.
Daftarini mwangu mna safu ambayo hakuna aliyeniagiza:
unene wa gome. Milimita tisa. Saba.
Nne na nusu.
Niliandika tu. Anayeandika rambirambi msibani
naye huandika tu.

Juni, bamba likanikatalia.
Buluu ipo. Kijani, kitu kama kijani.
Juu, palipokuwa na karabai, giza.
Nikarudia. Nikabadili chupa, nikaulaumu umeme,
nikaulaumu mkono wangu.
Mara ya nne nikavua glavu, nikalitafuna gome lenyewe:
chungu, ndiyo, lakini uchungu wa mti mwingine.
Ulimi haukufa ganzi.

Jumamosi nikamfuata kwake, Kayenze.
Alikuwa anapepeta dagaa, hakuinua uso.
"Umejuaje?"
Nikamweleza habari za doa.
Akacheka kicheko kisicho na meno.
"Basi hiyo taa yenu ina ulimi."
Ule wa kwenye mawe mawili, akasema,
wameuvua kiunoni, mzunguko mzima.
Ule wa juu wameung'oa na mizizi.
"Ningewaambia umekwisha, mngenihitaji kwa lipi?
Mwanangu yuko kidato cha tatu."

Nilitaka kumwambia amechakachua.
Neno likanigeukia mdomoni:
yeye alileta gome la uongo,
sisi tulilitangaza la kweli.

Nyuma ya nyumba, makopo ya mafuta ya kula, ishirini.
Mbegu alizochuma mwenyewe zilikaa udongoni kama kokoto.
Hizi aliziokota chini ya waya wanapolala kuzi.
"Tumbo la ndege lina ufunguo," akasema,
kisha kama aliyejisikia amesema makubwa,
akaongeza: "Minne tu lakini."
Miche minne. Mmoja umeshatoa mwiba,
laini bado, unapinda ukiugusa.

Nikamwomba jani moja.
Alifikiri muda mrefu, mpaka dagaa wakaanza kuingiwa na nzi.
"Nusu," akasema.

Jumatatu, kabla ya wote, nusu jani,
tone moja, bamba moja, gizani.
Buluu. Kijani.
Na juu, hafifu, kama karabai ya mbali
ambayo huna hakika kama ni karabai,
njano.

Daktari akasimama mlangoni.
"Kuna kitu?"
Nikawasha taa kubwa, doa likapotea machoni.
"Bado," nikasema.